Lango la Pol: Jinsi Jati, Viwanda na Sheria Vilivyouchora Mji wa Ahmedabad

Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya India ilitoa hukumu katika kesi iliyotoka Ahmedabad, jiji kubwa kuliko yote katika jimbo la Gujarat. Mwanachama wa ushirika mmoja wa nyumba alitaka kuibomoa nyumba yake, ajenge fleti na kuziuza kwa yeyote mwenye fedha. Ushirika ukakataa. Ulikuwa ushirika wa Waparsi, wafuasi wa dini ya Zarathustra, na kanuni zake zilitamka kwamba asiye Mparsi hawezi kuwa mwanachama. Mahakama Kuu ya Gujarat haikukubaliana na ushirika huo. Mahakama ya Juu ikaigeuza hukumu: watu waliojiunga kwa hiari yao wana haki ya kuchagua ni nani wa kukaa naye, hata kama kigezo ni dini.

Nimeianza habari hii mahakamani kwa sababu kesi hiyo inapingana na jambo ambalo wengi wetu tunaliamini bila kulichunguza, kwamba mila ni ya jana na usasa ni wa leo, na kwamba usasa unapoingia, mila hufungasha virago. Ukiitazama ramani ya Ahmedabad kwa makini utaona sivyo ilivyokuwa. Kila chombo kipya kilichoingia katika jiji lile, kiwanda, daraja, ushirika, upimaji wa viwanja, hata sheria ya kuzuia fujo, kiliikuta desturi moja ya kale ya watu kukaa na jamaa zao, kikaichukua, kikaipa nguvu mpya na eneo kubwa zaidi. Desturi yenyewe ilizaliwa katika vichochoro, nyuma ya malango ya mbao. Tuanzie huko.

Mji mkongwe wa Ahmedabad uko upande wa mashariki wa mto Sabarmati, na umeundwa kwa mamia ya mitaa iitwayo pol. Neno lenyewe linatokana na neno la Kisanskriti, pratoli, lenye maana ya lango. Unatembea katika barabara ya soko yenye kelele za pikipiki na wachuuzi, mara unaona lango kubwa la mbao katikati ya maduka, na juu yake chumba kidogo ambamo zamani alikaa mlinzi. Ukilipita, kelele zinabaki nyuma. Uchochoro unapinda, unapinda tena, kisha unagawanyika kuwa vichochoro vidogo zaidi viitwavyo khadki, kila kimoja na nyumba chache za watu wenye udugu wa karibu. Vingi havitokezi popote. Mgeni akiingia anaonekana mara moja, na akipotea hana pa kutokea ila pale alipoingilia.

Katikati ya pol mara nyingi kuna hekalu, kisima cha jumuiya, na chabutro. Hiyo ni nguzo ndefu yenye kibanda cha mbao kilichonakshiwa juu yake, wanamowekea ndege nafaka. Kwa Wajaini, ambao dini yao inakataza kumdhuru kiumbe chochote, kulisha ndege ni tendo la thawabu, na kwa hiyo jumuiya hujenga chabutro kama kwingine watu wanavyojenga sabili ya maji. Nyumba zenyewe ni nyembamba mbele na ndefu kwenda nyuma, zinategemeana kwa kuta, fremu zake ni za mbao. Ndani yake kuna uwanja mdogo ulio wazi juu, unaoingiza mwanga na kutoa joto. Chini ya uwanja huo nyumba nyingi zina tanka, birika la chini ya ardhi linalokusanya maji ya mvua za monsuni kutoka darini, yakanywewa mwaka mzima. Na mbele ya kila mlango kuna kibaraza cha kukalia kiitwacho otla. Msomaji wa Lamu au Unguja hahitaji kufafanuliwa zaidi: ni baraza, na kazi yake ni ileile ya kuunganisha nyumba na uchochoro, ili mtu awe nje bila kuondoka kwake.

Uchochoro mwembamba una faida nyingine inayosahaulika. Ahmedabad hupata joto la nyuzi 45 katika mwezi wa Mei. Nyumba zinapokaribiana, jua haligusi ardhi ila kwa muda mfupi mchana, na kuta za pamoja zinakingana. Mtu anaweza kusema ramani ya pol ilichorwa na jua kwanza, kisha na watu. Mimi naona vyote viwili vilikwenda sambamba, ila watu ndio walioamua nani akae kivulini na nani.

Hapo ndipo linapoingia suala la jati. Jati ni kundi la kuzaliwa: mtu huzaliwa ndani yake, huoa ndani yake, na zamani hata kazi yake na watu wa kula nao vilikuwa ndani yake. Kwa kawaida pol ilikuwa ya jati moja, au ya jati chache zinazokaribiana. Majina yake yalitokana na familia kubwa, kazi, miungu, au mti uliokuwapo hapo. Ilisimamiwa na panch, baraza la wazee, ambalo lilitunza lango na kisima, lilimlipa mlinzi na lilipatanisha majirani. Familia iliyokuwa na arusi ilichangia mfuko wa pol. Na waandishi wa serikali ya Kiingereza walioieleza pol katika karne ya 19 waliiandika kanuni moja iliyo kiini cha habari hii yote. Mwenye nyumba hakuruhusiwa kuiuza wala kuiweka rehani kwa mtu wa nje kabla ya kuwatangulizia wenzake wa pol, na nyumba ikiuzwa, sehemu ya bei iliingia katika mfuko wa jumuiya.

Ukikumbuka kesi ya mwaka 2005 utaona kwamba sharti ni lilelile. Kilichobadilika ni kwamba mwanzoni liliwekwa na wazee barazani, na baadaye likapigwa mhuri wa msajili wa vyama vya ushirika.

Pol ilikuwa pia ngome. Karne ya 18, dola ya Wamughal ilipodhoofika na Wamaratha wakaugombania mji, wenyeji walikuwa wanashambuliwa, wanatozwa, wanaporwa na majeshi yanayopokezana. Malango yakawa mazito zaidi. Baadhi ya nyumba zilikuwa na milango ya siri ya kutokea pol ya pili, na madari yaliyoshikana yaliwawezesha watu kutoroka juu kwa juu. Usiku lango lilifungwa, na aliyechelewa ilimbidi atambulike kwa mlinzi kabla ya kufunguliwa.

Lakini mji wa malango tupu haungeweza kuishi. Mfumaji anamhitaji mwenye pamba, sonara anamhitaji mnunuzi, na hao hawakuwa jati moja. Sultani Ahmad Shah alipouanzisha mji mwaka 1411 aliweka mhimili mmoja wazi: ngome ya Bhadra kando ya mto, mbele yake uwanja, kisha lango la matao matatu liitwalo Teen Darwaza, kisha Msikiti wa Ijumaa uliokamilika mwaka 1424, na nyuma yake soko la Manek Chowk, palipo kaburi la sultani mwenyewe na makaburi ya wake zake. Barabara hii haikuwa ya jati yoyote. Pol ziliota pande zake kama matawi, na watu waliotoka nyuma ya malango yao walikutana hapo.

Manek Chowk bado inafundisha jinsi mpango huo ulivyofanya kazi. Asubuhi watu hununua hapo majani ya kulisha ng'ombe, maana kumpa ng'ombe majani ni sadaka. Mchana masonara na wauza dhahabu hufungua maduka. Usiku maduka yakifungwa, meza za chakula hutandazwa mpaka saa za manane. Eneo ni moja na makundi ni matatu, lakini hawagongani kwa sababu wamegawana saa badala ya kugawana ardhi. Nyumba zilitenganisha watu, biashara ikawakutanisha, na juu ya yote kulikuwa na mahajan, vyama vya wafanyabiashara na mafundi, vilivyopanga bei, likizo na michango. Mkuu wao aliitwa nagarsheth, tajiri aliyezungumza na watawala kwa niaba ya mji. Anayekumbukwa zaidi ni Shantidas Jhaveri, sonara Mjaini wa karne ya 17 aliyekuwa na sauti katika baraza la Wamughal.

Pwani yetu inahusika na mji huu. Nguo za pamba za Gujarat zilivaliwa Kilwa, Malindi na Mombasa kabla Mreno hajafika, na neno letu Banyani linatokana na Vaniya, jina la Kigujarati la jati za wafanyabiashara. Watu nao walivuka bahari kwenda upande wa pili. Karibu na ngome ya Bhadra umesimama Msikiti wa Sidi Saiyyed, uliojengwa mwaka 1572 hadi 1573, na dirisha lake la jiwe lililochongwa mti wenye matawi yaliyosukana limekuwa alama ya Ahmedabad nzima. Aliyeujenga alikuwa na asili ya Uhabeshi, mmoja wa Waafrika waliotumikia na kupanda vyeo katika majeshi na majumba ya Gujarat. Huwa nafurahi kila ninapokumbuka kwamba nembo ya mji wa Kihindi inayochorwa kwenye kila kitu ni kazi iliyoamriwa na Mwafrika.

Mabadiliko ya kwanza makubwa yalikuja na moshi. Mwaka 1861 Ranchhodlal Chhotalal alifungua kiwanda cha kwanza cha nguo, na reli ya kutoka Bombay ilipofika mwaka 1864 viwanda vikafuatana nje ya ukuta wa mji, hasa mashariki. Ahmedabad ikaitwa Manchester ya India. Wafanyakazi kutoka vijijini walihitaji mahali pa kulala, wakajengewa chali: safu ndefu za vyumba kimoja kimoja vyenye baraza moja la mbele, bomba moja na vyoo vya pamoja.

Mtu angetazamia kwamba kiwanda kingewachanganya watu. Mashine haijui jati ya anayeisimamia. Lakini katika mashine za kufumia kulikuwa na kazi moja ndogo iliyoamua mengi. Uzi ulipokatika, mfumaji alikiinua kile chombo kidogo kibebacho uzi, akakiweka mdomoni na kuufyonza uzi mpya upite katika tundu lake. Wafumaji wa jati za juu hawakukubali kugusisha midomo yao pale ambapo Mdalit, mtu wa jati zilizoitwa "zisizoguswa", amegusisha wake. Basi Wadalit wakafungiwa katika idara ya kusokota nyuzi, yenye mshahara mdogo zaidi, na ufumaji, uliolipa zaidi, ukawa wa Wapatidar, jati ya wakulima wenye ardhi, na Waislamu. Wanyapara ndio walioajiri, nao waliwaleta watu wa kijiji chao na jati yao. Kwa hiyo chali nazo zikajipanga hivyohivyo: hizi za Wadalit, zile za Waislamu, zile nyingine za Wapatidar, zote zikipokea moshi wa bomba moja.

Kuna aliyejaribu kulivunja jambo hili, na alijaribu kwa kutumia nyumba. Gandhi alirudi kutoka Afrika Kusini mwaka 1915 akafungua makazi yake ya pamoja katika kijiji cha Kochrab, ng'ambo ya magharibi ya mto. Miezi michache baadaye aliikaribisha familia ya Kidalit iishi hapo. Msimamizi wa kisima alilalamika kwamba matone ya ndoo yao yatamnajisi. Wafadhili wakakatisha fedha. Gandhi akaamua kwamba zikiisha kabisa, wote watahamia katika mtaa wa Wadalit na kuishi kwa kazi ya mikono. Wakati huo tajiri mmoja alifika na rupia 13,000, akampa na kuondoka. Alikuwa mwenye kiwanda Ambalal Sarabhai. Mwaka 1917 makazi yakahamia ukingoni mwa Sabarmati, yalipo mpaka leo. Naliona tukio hili kuwa kubwa kuliko linavyosimuliwa. Gandhi alifahamu kwamba katika jiji lile kuhubiri usawa ni rahisi, na kwamba mtihani wenyewe uko kisimani na kwenye anwani ya mtu.

Mgomo mkubwa wa viwandani wa mwaka 1918 ulizaa chama cha wafanyakazi mwaka 1920, nacho kikachukua jina la kale: Majoor Mahajan, mahajan ya vibarua. Hata chama cha wafanyakazi kilijengwa kwa matofali ya mji mkongwe.

Wenye nacho walikuwa wanatazama magharibi. Daraja la chuma la Ellis lilifunguliwa mwaka 1892 baada ya lile la mwanzo la mbao kuchukuliwa na mafuriko, na ghafla mashamba ya ng'ambo yakawa umbali wa matembezi kutoka sokoni. Tauni ilikuwa imeingia India magharibi mwaka 1896. Madaktari na wasomi wakawa wanasema vichochoro ni vichafu na kwamba hewa na nafasi ndiyo afya. Familia zilizosoma zikaanza kutamani nyumba yenye bustani.

Namna ya kuipata ilikuwa ushirika. Watu kumi na tano au ishirini wanaungana, wanasajili chama, wanapata mkopo kwa masharti nafuu, wananunua shamba na kugawana viwanja. Ni chombo cha kisasa kabisa, kina katiba, mwenyekiti, hesabu za kukaguliwa. Lakini mkopo wa pamoja una maana kwamba mwenzako asipolipa, mzigo ni wako. Utamwamini nani? Katika mji wa pol jibu lilikuwa tayari: mtu wa jati yako, ambaye baba yake unamjua na binti yake huenda akaolewa na mwanao. Ndiyo maana miongoni mwa vyama vya mwanzo, katika miaka ya 1920, kulikuwa na chama kilichojiita kabisa cha marafiki wa Kibrahmini, yaani wa jati ya makuhani. Vikafuata vya Wajaini, vya Wapatel (ndio Wapatidar), vya Waparsi. Lango la mbao likawa ukuta mfupi wenye geti la chuma, panch ikawa kamati, na kichochoro kikawa barabara iliyonyooka yenye miti. Jamaa walikuwa walewale.

Upimaji wa ardhi uliimarisha mpangilio huo kwa njia isiyoonekana. Gujarat ina utaratibu ambao wapangaji miji wa nchi nyingi huenda kujifunza. Serikali inapotaka kupanga eneo la mashamba, haiwafukuzi wenye ardhi kwa fidia. Inayakusanya mashamba yote kwenye karatasi, inakata kutoka kwa kila mmoja sehemu kwa ajili ya barabara, shule na bustani, kisha inamrudishia kila mwenye ardhi kiwanja kidogo kuliko cha mwanzo lakini kilichonyooka, kina barabara, na kina thamani kubwa zaidi, kwa kadiri iwezekanavyo palepale alipokuwa. Sheria yake ya kwanza ni ya mwaka 1915, na magharibi yote ya Ahmedabad imejengwa kipande kwa kipande kwa njia hii. Nauona kuwa utaratibu wa haki kuliko ule wa tingatinga tunaoufahamu sisi. Lakini una tabia moja: kwa kuwa unamrudisha kila mtu pale alipokuwa, unamrudisha pia mwenye shamba wa jati yenye ardhi akiwa mwenye kuamua atamuuzia nani. Na vijiji vya zamani viliachwa ndani ya mpango kama visiwa, viitwavyo gamtal. Leo unaweza kuwa kwenye barabara ya njia sita yenye maduka ya kioo, ukageuka kushoto hatua hamsini, ukajikuta katika kijiji chenye vichochoro vyake na ng'ombe wake.

Upande wa mashariki, halmashauri ya mji, ambayo Vallabhbhai Patel alikuwa rais wake kuanzia mwaka 1924, ilianza kuubomoa ukuta wa mji. Baadaye barabara pana iitwayo Relief Road ilipasuliwa katikati ya pol zenyewe. Yaliyobaki ya ukuta ni malango, yamesimama peke yake katikati ya magari.

Mpaka hapo utengano ulikuwa wa vipande vidogo. Pol ya Waislamu iliweza kugusana ukuta na pol ya Wahindu, na chali ya Wadalit iliweza kuwa mkabala na chali ya Waislamu. Watu hawakulala pamoja lakini walinunua mboga kwa mchuuzi mmoja. Kilichoubadilisha mji kutoka vipande vidogo kuwa mapande makubwa ni damu. Ahmedabad ilipata machafuko makali ya Wahindu na Waislamu mwaka 1969, ikayapata tena mwaka 1985 na 1992, na mabaya zaidi mwaka 2002, ambapo zaidi ya watu 1,000 waliuawa jimboni Gujarat, wengi wao Waislamu. Katika miaka ileile ya 1980 na 1990 viwanda vya nguo vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine, na makumi ya maelfu ya watu waliofanya kazi chini ya paa moja wakapoteza mahali pekee walipolazimika kukutana kila siku.

Mwaka 2002 umati uliivamia Gulbarg Society, ushirika wa nyumba wa Waislamu uliozungukwa na mitaa ya Wahindu, ukaua watu 69. Baada ya hapo hakuna familia iliyohitaji kushauriwa. Kuwa wachache katika mtaa wa wengine kulikuwa kumegeuka suala la kufa na kupona. Wengi walihamia Juhapura, kusini magharibi mwa jiji. Eneo hilo lilianza kama makazi ya waathirika wa mafuriko ya mwaka 1973, Wahindu na Waislamu pamoja. Kila baada ya machafuko Wahindu walipungua na Waislamu waliongezeka, mpaka pakawa mji ndani ya jiji wenye mamia ya maelfu ya watu, maskini na matajiri, mafundi baiskeli na majaji wastaafu, wote wakiwa na anwani moja. Ni hapo panapoonyesha kwamba fedha peke yake haimchagulii mtu mtaa.

Sheria nayo ikaingia, kwa nia iliyoonekana njema. Machafuko yaliwafanya watu wauze nyumba zao kwa bei ya kutupa ili wakimbie, na walanguzi wakanufaika. Mwaka 1991 jimbo likapitisha sheria ya kudumu kuhusu maeneo yenye vurugu: ndani ya maeneo yaliyotangazwa, huwezi kuuza nyumba bila kibali cha mkuu wa wilaya, ambaye lazima ajiridhishe kwamba unauza kwa hiari na kwa bei ya haki. Lengo lilikuwa kumlinda anayekimbia. Lakini maeneo yaliyotangazwa yameongezeka mwaka hadi mwaka, na kibali hicho kimekuwa kizuizi kwa Mwislamu anayetaka kununua kwa Mhindu, au Mhindu kwa Mwislamu, hata kama wote wawili wameridhiana. Mitaa iliyotenganishwa na hofu inabakizwa hivyo na makaratasi. Kuna wanaoitetea sheria hii kwamba inazuia jamii moja kuisukuma nyingine nje. Siwapuuzi, kwa maana kusukumwa nje kumetokea kweli. Ila mlango unaozuia watu wasitoke kwa hofu ndio huohuo unaozuia watu wasiingie kwa urafiki.

Chakula nacho huchora mipaka. Wajaini na Wahindu wengi wa jati za juu huko hawali nyama, na katika mitaa mingi ya magharibi mpangaji anaulizwa anakula nini kabla hajaulizwa anafanya kazi gani. Swali hilo linamchuja Mwislamu, Mkristo, na Wadalit wengi, bila dini wala jati kutajwa. Novemba 2021 halmashauri ya jiji iliamuru vibanda vya mayai na nyama viondolewe kwenye barabara kuu. Wachuuzi wakaenda Mahakama Kuu, na jaji akawauliza wakubwa wa jiji kwa nini waamue watu wale nini.

Sabarmati yenyewe imefanywa upya. Ulikuwa mto wa mchanga, wenye maji miezi michache tu, na katika kingo zake walikaa maskini, walifua madobi na kulifanyika soko la Jumapili la vitu vikuukuu. Tangu mwaka 2005 kingo zimejengewa kuta za zege kwa kilomita 11 hivi kila upande, upana wa mto umefanywa mita 263 kila mahali, na maji yanaletwa kwa mfereji kutoka mto Narmada. Ni mahali pazuri pa kutembea jioni, na ni kati ya sehemu chache ambapo bibi wa Juhapura na kijana wa Navrangpura, mtaa wa magharibi ya mto, wanaweza kukaa benchi moja. Familia zaidi ya 10,000 zilizokuwa kingoni zilihamishiwa pembezoni mwa jiji, mbali na kazi zao. Mandhari ya benchi lile ililipiwa na hao.

Na pol? Mwaka 2017 mji mkongwe wa Ahmedabad uliorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia, jiji la kwanza la India kupata heshima hiyo. Wakati ule nyumba nyingi za pol zilikuwa zimeshakuwa maghala ya nguo na plastiki, maana ghala linalipa kodi kubwa kuliko familia, na vijana walikuwa wamehamia fleti za magharibi. Jambo moja liliwafanya watu wazitazame tena. Januari 26, 2001 tetemeko la Bhuj, mji ulio magharibi mwa Gujarat, liliipiga Ahmedabad. Majengo mapya ya zege ya ghorofa kadhaa, fahari ya magharibi, yaliporomoka na kuua mamia ya watu. Nyumba nyingi za kale, zenye fremu za mbao ndani ya kuta za matofali na zilizoegemeana, ziliyumba na kubaki zimesimama.

Kila Januari 14, sikukuu ya Uttarayan, waliohama hurudi. Ni siku ya kurusha tiara, na tiara haziendi vizuri kati ya maghorofa. Zinataka madari ya pol, yaliyo karibu kiasi kwamba unaweza kumpa jirani wa khadki nyingine kipande cha muwa kwa mkono. Wasio na nyumba ya ukoo tena hukodi dari kwa siku nzima, kwa bei inayopanda kila mwaka. Nyuzi zilizopakwa unga wa kioo hukatana angani, na tiara iliyokatwa huanguka katika pol yoyote upepo unakoipeleka. Watoto wa huko huikimbilia, wakaiokota, wakaifunga uzi wao na kuirusha tena.